Neno Nililompa Gaëlle

Kichwa cha Mwalimu Bosibori kilikuwa changu kwa miezi kumi na moja. Nasema changu kwa sababu katika saluni ya Mama Jeannine kila msusi ana vichwa vyake. Mteja akianza kupanda ngazi, kabla hajafika mlangoni, tunajua ni wa nani, na mwingine hamgusi. Mimi vichwa vyangu havikuwa vingi. Si mtu wa maneno, na katika kazi hii mteja hufuata mazungumzo kama anavyofuata nywele. Walionipenda walikuwa wale wanaotaka kusinzia, au kuongea na simu, au kusoma.

Mwalimu Bosibori alikuwa wa kusoma. Ni Mkenya, mtu wa Kisii, anafundisha Kiingereza chuo kikuu, mitaa miwili kutoka hapa kwetu Braamfontein. Kila baada ya wiki sita alikuja na daftari lenye jalada jekundu, akakaa, akalifungua, na kwa saa tano hatukusemezana zaidi ya "Marthe, hapo umebana" na "Pole, Mwalimu."

Kisha ikaja siku moja ya mwezi wa saba. Baridi ya Johannesburg ya mwezi wa saba ni kavu, inaingia mpaka kwenye kucha, na juu hakuna hata kipande cha wingu. Saa tano hivi jua hupita katikati ya maghorofa mawili, likaingia dirishani kwetu na kufika kiti cha pili. Mwalimu alikuwa amekaa kiti hicho. Jua lilipomgusa magoti alifumba macho.

"Waingereza walikuwa na neno la hiki kitu," akasema, si kwangu, kwa hewa tu. "Apricity. Lile joto la jua wakati wa baridi. Wamelisahau miaka mingi. Sasa wakitaka kulisema wanahitaji sentensi nzima."

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. "Sisi tunasema kuota jua," nikamwambia.

Aligeuka kwa nguvu hata msuko ukanitoka vidoleni.

"Sema tena."

"Kuota jua, Mwalimu. Kama mtu anavyoota moto."

"Wacha!" akasema, akacheka peke yake. "Nimeota jua utoto wangu wote, na sijawahi kuliweka pamoja na hili." Akaliandika. Nilisimama nyuma yake na chanuo mkononi nikitazama neno langu likiingia kwenye daftari jekundu.

Shule niliiacha darasa la nne, kambini Nyarugusu, Tanzania, tulikokimbilia kutoka Baraka, kwetu Kongo. Mama alijifungua mapacha na hakukuwa na mwingine wa kuwabeba. Tangu siku ile watu wameniuliza kama kuna nafasi, kama maji yamechemka, kama mwenye saluni yupo. Hakuna aliyewahi kuniuliza neno.

Kuanzia hapo Mwalimu hakusoma tena kimya. Alikuwa akikusanya maneno ya Kiingereza yaliyokufa au yaliyo karibu kufa, na alitaka kujua ni yapi ambayo Kiswahili bado kinayo. Akaniambia kwamba zamani walikuwa na *overmorrow*. Siku inayofuata kesho. Nikasema, "Keshokutwa." Walikuwa na *ereyesterday*. Nikasema, "Juzi." Akapiga goti kwa kiganja. "Unaona? Wao wamezitupa siku mbili nzima, sisi tunazo!" Akaniambia *fudgel*, mtu kujifanya anafanya kazi huku hafanyi chochote, nikasema bila kufikiri, "Kutegea," na Mama Jeannine akasema kutoka kwenye kochi lake, "Hilo liandike jina la Nassir mbele yake." Nassir ni Mtanga anayeuza rasta, nywele za kusukia, pale chini, na kwa kweli hutegea sana.

Yale maneno niliyanakili kwenye makaratasi magumu yanayokuja ndani ya pakiti za rasta. Mwalimu aliniandikia Kiingereza, mimi nikaandika Kiswahili chini yake. Yalifika thelathini na nne. Siku za kuja kwake nilivaa blauzi yangu ya kijani, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ndipo alipokuja Gaëlle.

Gaëlle ni mtoto wa dada yake Mama Jeannine, kutoka Lubumbashi. Amemaliza sekondari, ana diploma ya serikali, anajua Kifaransa kama maji, na Kiingereza alikizoea kwa miezi mitatu kwa sababu haogopi kukosea. Akikosea anacheka, na watu wanacheka naye. Ana mwanya. Wateja waliomwona mara moja waliuliza yuko wapi mara ya pili. Hakunikosea kitu chochote. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningefurahi angenitukana angalau siku moja.

Aliniita Yaya. Kwao Lubumbashi yaya ni dada mkubwa, ni heshima. Mara ya kwanza Mama Jeannine alipotuweka wawili kwenye kichwa cha Mwalimu, ili tumalize mapema, Gaëlle alisema, "Yaya, nipe chanuo," na Mwalimu akanitazama kwenye kioo.

"Kumbe, Marthe! Ulimlea huyu?"

Sikuelewa. Ni Gaëlle aliyeuliza kwa nini, na Mwalimu akaeleza kwamba Kenya yaya ni msichana wa kazi anayeangalia watoto. Saluni nzima ikacheka. Gaëlle akacheka kuliko wote, akanikumbatia kiuno. "Yaya Marthe, kumbe ulinibadilisha nepi!" Nami nilitabasamu, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama, nikaendelea kusuka upande wangu.

Upande wangu! Kichwa kilikuwa kimegawanywa katikati kwa mstari mmoja, kulia kwangu, kushoto kwake. Niliona vidole vyake vinavyokwenda haraka. Niliona Mwalimu anavyoinamisha kichwa kumfuata yeye, na upande wangu ukabaki juu, mgumu, nikisuka kama mtu anayefunga mzigo.

"Haya," Mwalimu akasema, akafungua daftari. Nikakaa sawa. "Leo nina moja zuri. *Bellibone*."

Nilingoja aseme maana yake. Ndivyo tulivyofanya siku zote, yeye anasema maana, mimi natafuta. Lakini Gaëlle alikwishacheka.

"Mwalimu, hiyo si Kiingereza! Hiyo ni Kifaransa. *Belle et bonne*. Mwanamke mzuri tena mwema. Waingereza waliiba, wakaikunja vibaya!"

Mwalimu alipiga makofi. Kwangu alipiga goti, kwake alipiga makofi. "Umejuaje? Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawakujua!"

"Masikio tu, Mwalimu."

"Marthe, unanivuta," Mwalimu akasema.

"Pole, Mwalimu."

Siku hiyo Gaëlle alijibu na mengine mawili. Mimi nilijibu moja, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata Mwalimu akasema "Ehe?" na Gaëlle akamrudia kwa sauti yake yeye, na lilipoandikwa, sijui liliandikwa kama la nani. Nilipofagia jioni, nywele za upande wake na za upande wangu zilikuwa chungu moja. Nilizitenga kwa ufagio, kisha nikaona aibu nikazichanganya.

Nassir aliniona nikishuka ngazi. "Marthe, dada yangu, nasikia serikali imepinduliwa huko juu."

"Nani kakwambia?"

"Sura yako. Mtu akiona gere, pua inakuwa nyembamba."

Njia nzima hadi nyumbani niliishika pua yangu.

Wiki moja baadaye Mwalimu alipanda ngazi bila miadi, ana haraka, hakukaa hata. Chuo kinafanya maonyesho madogo Newtown, akasema, Jumamosi, pale sokoni penye vibanda vya nguo na kahawa. Yeye atakuwa na meza. Maneno yake yataandikwa kwenye kadi na kutundikwa kwa vibanio kwenye kamba, upande mmoja neno la Kiingereza lililokufa, upande wa pili maana yake. Watu wakipita watachagua kadi, na msichana mmoja atawaambia Kiswahili chake kwa mdomo.

"Nataka mmoja wenu anisaidie," akasema. "Mama Jeannine, utanipa mmoja?"

"Jumamosi?" Mama Jeannine akashika kichwa. "Eish, Mwalimu, unataka kuniua. Mmoja. Wawili hapana."

Nilikuwa nimesimama karibu na birika. Maneno mengi ya kwenye kamba ile yalikuwa yangu. Nilijua yatakavyokaa, lipi litafuata lipi. Nilitaka kusema "Mimi, Mwalimu." Ni maneno mawili tu. Hayakutoka. Nilimtazama Mwalimu kwa nguvu, nikidhani macho yatasema, lakini nadhani mtu mwoga akikutazama hivyo unaona tu mtu aliyekasirika.

"Mimi niko tayari!" Gaëlle akasema, mkono juu kama darasani.

Mwalimu akanitazama. Kweli alinitazama, siwezi kumsingizia. "Marthe? Kutakuwa na watu wengi, utasimama na kuongea saa nne nzima. Utaweza?"

Nikasema, "Gaëlle aende."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Hivyo ndivyo nilivyolitoa mwenyewe lililokuwa langu, kisha nikamchukia aliyelipokea.

Mwalimu akamwachia Gaëlle karatasi yenye maneno yote na Kiswahili chake. "Limekosekana moja tu, lile la *bellibone*," akamwambia. "Sitalitafuta. Wewe ndiwe uliyelifungua, wewe utanishangaza. Utalisema la mwisho."

Siku tatu nilifikiria neno lile. Nilikuwa nikiosha vitana, nafikiria. Nimesimama kwenye roboti, taa za barabarani, nikingoja rangi ya kijani, nafikiria. Nilisema moyoni kwamba nikilipata nitakwenda hadi chuoni, nitamwambia Mwalimu kwa mdomo wangu, naye atasema, "Marthe, wewe ndiye." Mrembo nilikuwa nalo. Mwema nilikuwa nalo. Kisura, mlimbwende, mstaarabu, yote niliyapitia. Neno moja la mtu mzuri wa sura na wa roho kwa pamoja sikulipata.

Ijumaa, tukiwa tunakunja taulo, Gaëlle akaniinamia sikioni.

"Yaya, nisaidie. Kiswahili yangu ni ya Lubumbashi, ni ya kuchanganya. Yako ni ya kweli, ya Tanzania. *Bellibone* tutasema nini?"

Alikuwa ananiangalia kwa imani yote. Shingoni alikuwa na mkufu mpya ambao Mama Jeannine alimpa kwa ajili ya kesho yake. Nilitazama ule mkufu.

"Kimada," nikasema.

"Kimada?" Akaliweka mdomoni kama peremende. "Ki-ma-da. Kama *madame*! Ki-madame! Yaya, ni zuri kabisa!" Akanibusu shavuni.

Kwa asiyejua, na Gaëlle hakujua, kimada ni hawara. Ni mwanamke aliyewekwa na mume wa mtu. Nililisikia kambini mara nyingi, wanawake wakigombana kwenye foleni ya maji, na kila liliposemwa mtu alivuliwa kilemba. Nililisema kabla sijalifikiria, hiyo ni kweli. Lakini nilikuwa na Ijumaa nzima ya kulirudisha, na sikulirudisha. Nilikunja taulo zote ishirini na mbili.

Jumamosi Gaëlle aliondoka saa mbili, gauni la njano, nywele nilizomsuka mimi mwenyewe. Saluni ilijaa. Nilikuwa na kichwa cha Denise, Mkongo mwenzetu anayeimba kwaya, mtu mwenye sauti kubwa na kichwa kikubwa. Nilisuka na kuwaza. Niliona Wakenya wamesimama mbele ya ile meza. Niliona uso wa Mwalimu ukibadilika. Atasema, huyu msichana si mtu wa kuaminiwa na neno. Na wiki sita baadaye angeketi kiti cha pili, kichwa kizima, kulia na kushoto. Niliwaza hivyo na vidole vilikwenda vizuri kuliko siku nyingi.

Kabla ya saa sita simu ya Mama Jeannine ililia. Gaëlle alikuwa ametuma sauti, na Mama akaiweka juu ili wote tusikie. Nyuma kulikuwa na muziki na watu.

"Mama, ni pazuri! Watu ni wengi! Mwambie Yaya Marthe neno lake nitasema saa sita, wa mwisho kabisa. Nimemwambia Mwalimu si langu, ni la Yaya. Nitasema jina lake mbele ya watu wote!"

"Unasikia?" Mama Jeannine akaniambia, akifurahi. "Gaëlle hana choyo."

Sitajifanya mwema. Kitu cha kwanza kilichonipanda ni hofu, kwamba uchafu ule utatua kwangu. Cha pili kilikuja nyuma yake, polepole: kwamba nisingeweza kufanya alichofanya yeye. Ningekuwa mimi kwenye ile meza, jina la Gaëlle lisingetoka mdomoni mwangu.

Niliweka chanuo.

"Wewe, unakwenda wapi?" Denise akauliza.

"Nakuja sasa hivi."

"Unakuja wapi? Niko nusu! Marthe! Mama Jeannine, msusi wako anakimbia na kichwa changu!"

Kutoka Braamfontein mpaka Newtown ni daraja tu, lile refu lenye nyaya, linalopita juu ya reli. Mtu wa kawaida hulipita kwa dakika kumi. Nililipita nikikimbia, ndala zikipiga lami, na upepo wa treni ukitoka chini. Nilikuwa najipangia sentensi. Nimvute Gaëlle pembeni, nimwambie nimekosea, aseme kitu kingine. Mwalimu hatajua. Hata pale bado nilikuwa natafuta njia ambayo Mwalimu hatajua.

Nilifika, nikaiona ile kamba na kadi zake zinapepea. Watu walikuwa kama ishirini, wanafunzi, na Wakenya wa makamo waliovaa vizuri. Gaëlle alikuwa amemshika mkono mwanamke mmoja mrefu. Namjua kwa sura, ni Jelimo, rafiki wa Mwalimu, mtu wa benki. Mumewe, Enos, alikuwa pembeni na vikombe viwili vya kahawa.

"Dada huyu ni mzuri, mnaona wenyewe," Gaëlle alikuwa akisema, sauti yake imejaa. "Na Mwalimu ameniambia alipofika nchi hii bila kujua mtu, ni huyu alimpokea akamlaza kwake. Mzuri tena mwema. Waingereza wa zamani wangemwita *bellibone*. Na sisi, kwa Kiswahili safi, tunamwita kimada!"

Mwanafunzi mmoja nyuma akaangua kicheko, akajiziba.

Jelimo alitoa mkono wake. "Ati nani?"

"Kimada!" Gaëlle akarudia akitabasamu, akidhani hawakusikia. "Kama *madame*!"

"Kimada wa nani?" Enos akauliza, naye ameshangaa kweli, kahawa inamwagikia kidole.

"Enos, nyamaza. Bosibori, huyu msichana wako ananiita nini mbele ya watu?"

Mwalimu alikuwa amefunga daftari. Sijawahi kumwona na uso ule. "Gaëlle," akasema taratibu, "hilo neno umelitoa wapi?"

Gaëlle alizunguka kutafuta msaada, akaniona mimi kwenye ukingo wa watu, nahema. Uso wake ukang'aa. Huo ndio mwanga ninaoukumbuka mpaka leo, kwa sababu alifurahi kuniona.

"Huyu hapa Yaya Marthe! Yaya, waeleze."

Wote wakageuka. Macho ishirini, thelathini, hamsini, sijui. Mwili mzima ulitaka kurudi darajani.

"Kimada ni hawara," nikasema. Nilimwambia yeye, si wao. "Ni mwanamke wa pembeni. Kwenu mnasema *deuxième bureau*."

Aliweka mkono mdomoni. Kisha akamtazama Jelimo, akatazama chini.

"Ulikosea?" Mwalimu akaniuliza. Alinifungulia mlango. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha pale, na labda angeniamini.

"Sikukosea. Nilijua. Nilimpa kwa makusudi."

"Alikufanya nini?" Ni Jelimo aliyeuliza, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa ya kutaka kujua.

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Mwalimu alimpigia makofi," nikasema. Nililisikia likitoka, dogo, la kitoto, na sikuweza kulirudisha.

Hakuna aliyecheka. "Na la kweli?" Mwalimu akauliza. "*Bellibone*. La kweli ni lipi, Marthe?"

"Sina, Mwalimu. Nimelitafuta siku tatu. La uzuri tunalo, la wema tunalo. La vyote viwili sikulipata. Ningelipata ningekuletea wewe, nisingempa yeye."

Enos akakohoa, akamkabidhi mkewe kahawa. "Mimi nimepata faida," akasema. "Miaka kumi na minne, leo ndiyo naambiwa nina kimada." Jelimo akampiga begani, watu wakacheka kidogo, wakaanza kutawanyika kwenye vibanda vingine. Lakini Gaëlle hakucheka. Alikuwa anazitoa kadi kwenye vibanio moja moja, anazipanga, mgongo kwangu. Nilimsogelea.

"Gaëlle."

"Nilikuwa nimekwisha kutaja jina lako," akasema bila kugeuka. "Kabla ya huyu mama nilikuwa nimekwisha kulitaja. Sasa watu wote wanajua ni nani alinifundisha. Kwa hiyo umejikimbilia bure."

Alikuwa amejua kilichonikimbiza, hata kabla sijamwambia.

Mwalimu alinyoosha mkono, akatoa kitu begani kwangu. Ni uzi mrefu wa rasta, rangi ya Denise. "Umemwacha mtu," akasema. "Nenda ukammalize."

Nilirudi kwa miguu. Denise alikuwa pale pale, nusu imesukwa, nusu imesimama kama moto, na hakunisema, jambo lililonionyesha kwamba habari imenitangulia. Mama Jeannine alingoja mpaka nimeosha mikono.

"Gaëlle amenipigia," akasema. "Sikufukuzi, Marthe, kazi yako ni nzuri. Lakini kile kichwa cha Mwalimu, kuanzia leo si chako. Unaelewa?"

"Naelewa, Mama."

"Hata nusu."

"Hata nusu."

Wiki sita zilipita. Gaëlle alinisalimia asubuhi, akanipa kitana nikiomba, akanipisha kwenye ngazi. Hakuniuliza tena neno lolote. Akikwama kwa Kiswahili mbele ya mteja alilisema kwa Kifaransa, au alionyesha kwa mikono.

Mwalimu alikuja Jumanne. Alinisalimia vizuri, "Habari, Marthe," akaketi kiti cha kwanza, cha Gaëlle. Mimi nilikuwa kiti cha tatu, nina kichwa cha Denise, ambaye alikuwa ameniambia wazi kwamba amekuja kwangu kwa sababu sasa ninasikitisha kuniangalia. Kati yetu kulikuwa na kiti kitupu na kikaushio kinachonguruma. Hata hivyo nilisikia daftari likifunguliwa. Nadhani ningelisikia hata ningekuwa pale chini kwa Nassir.

Nilisikia maneno yote. Mengine Gaëlle aliyapata, mengine walikubaliana hayapo. Kila alipopata, kitu kilinikwaruza kifuani, kama zamani, hakikupungua hata kidogo. Nilidhani mtu akisema kosa lake mbele za watu linamtoka. Kosa linatoka. Wivu haukuwa na habari.

"*Latibulate*," Mwalimu akasoma. "Kujificha kwenye kona. Hata watu wakiwepo, mtu anaitafuta kona."

"Kujificha," Gaëlle akasema.

"Mm. Zaidi ya hapo. Anajibana. Anataka ukuta umfunike."

Kwenye kioo nilimwona Gaëlle akiinua macho, akanipata, akayashusha. Alijua ninalo. Hakuniomba, na mimi sikutaka aniombe. Neno lilinijaa mdomoni. Nilijiambia ninyamaze, si kichwa changu, nimekubali mwenyewe hata nusu. Kikaushio kikazimika.

"Kujibanza," nikasema.

Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, saluni nzima ikalisikia. Denise akainua macho kutoka kwenye simu. Mama Jeannine akasimamisha kalamu ya miadi. Gaëlle akachora mstari mwingine kichwani kwa Mwalimu kwa mkia wa chanuo, taratibu, ulionyooka.

"Kujibanza," Mwalimu akarudia. Hakugeuka. Nilimwona akiliandika, kalamu ikaenda, ikafika mwisho wa neno, ikasimama. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akamsomea Gaëlle linalofuata.